Kutoka kumbi za harusi hadi makabati ya makumbusho: uchambuzi wa kisa cha mpambaji mmoja wa pwani

Mhusika na mazingira yake

Majina ya watu, mji na taasisi yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mhusika mkuu tutamwita Bi. M. Wakati kisa kinaanza alikuwa na miaka thelathini na ushei, mpambaji wa kumbi za harusi katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Kazi aliirithi kwa shangazi yake, akianzia kufunga vitambaa vya viti. Aliishia kidato cha nne. Usanifu hakuusomea, na makumbusho aliyajua kwa safari moja ya shule ya msingi: mnapangwa mstari, mnaambiwa msiguse, mnarudi.

Upambaji ni biashara ya misimu. Mfungo Mosi ukiandama harusi hufululiza hadi mtu anakosa usingizi. Ramadhani ikiingia kazi inakatika ghafla, na Kwaresima inapunguza zile za kanisani. Katika miezi hiyo Bi. M. alikuwa na stoo iliyojaa satini, stendi za chuma na taa, na vijana wake wanne wakipiga simu kuulizia kama kuna chochote.

Upande wa pili wa kisa kuna makumbusho madogo: vyumba viwili na ukumbi mwembamba ndani ya nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Wafanyakazi ni mhifadhi mmoja, waongozaji wawili na mlinzi. Hapakuwa na msanifu wa maonyesho, na hilo si ajabu katika makumbusho madogo ya kwetu. Mhifadhi anaandika maelezo, seremala wa mtaani anatengeneza kabati, duka la mabango linachapa maandishi. Kila mmoja anamaliza kipande chake. Mgeni anayeingia mlangoni hana mwenyewe.

Familia moja kongwe ilikuwa imetoa kasha la mavazi na mapambo ya wanawake: kanga za zamani, baadhi zikiwa na majina (misemo ya kanga) ya hati ya Kiarabu, visutu vya harusi, kaniki, pamoja na vikuku na mikufu ya fedha. Palikuwa na ruzuku ndogo ya kuandaa onyesho, na ruzuku ilikuwa na tarehe yake ya mwisho.

Mlango ulivyofunguka

Mhifadhi, mzee wa makamo ambaye mji mzima unamwita Mwalimu, alialikwa harusi ya mpwa wake. Wageni walikuwa wengi kupita ukubwa wa ukumbi, lakini wakati wa chakula hapakuwa na msukumano. Meza za chakula zilikuwa zimetenganishwa, foleni mbili zikienda pande tofauti, na sakafuni palikuwa na vipande vya utepe wa karatasi ambavyo watu walivifuata bila kujua wanafuata. Akauliza nani kapanga. Bi. M. alipoitwa alidhani analetewa lawama.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna kilichoharibika?"

"Marahaba, binti yangu. Hakuna. Nataka uje uone chumba changu."

Alikwenda. Mwalimu alikuwa na mchoro tayari: makabati yamezunguka kuta nne, yamepewa namba kwa mfuatano, kila moja na maelezo ya ukurasa mzima. Bi. M. hakuuliza habari za vitu. Aliuliza watu wangapi huingia kwa mpigo, wanaingilia wapi, wanatokea wapi, na watoto wa shule wakija wanasimamishwa wapi. Mwalimu alikuwa na jibu la swali moja tu kati ya hayo.

Basi akaomba kigoda, akakaa karibu na mlango asubuhi kadhaa, akiangalia. Jambo aliloligundua mapema lilitokana na vioo. Kila asubuhi mlinzi alivifuta vyote. Ikifika adhuhuri, makabati mengi yalikuwa bado masafi, lakini moja lilikuwa limejaa alama za vidole na pua kwenye kona ya chini kushoto. Ndani yake, kwenye kona hiyo, palikuwa na kitana cha mtoto. Hakuna maelezo yaliyokitaja. Akamwambia Mwalimu, "Mzee wangu, watu wako wako hapa. Kule kwingine wanapita tu."

Wanaofanya utafiti wa wageni wa makumbusho wanaijua mbinu ya kusoma uchafu wa kioo. Bi. M. hakuwa amesikia habari hiyo popote. Alizoea kukagua meza baada ya harusi na kuona maua gani yameguswaguswa.

Aliona pia kwamba kundi la shule linaloingia kwa pamoja huwa na watoto kumi wanaoona kabati na hamsini wanaoona migongo, na kwamba wageni wakiingia hugeuka kuelekea dirishani, kwenye upepo na mwanga, wakati kabati namba moja lilikuwa upande wa pili.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa hivyo

Wazo lake la kwanza lilikuwa zuri kwa macho na baya kwa vitu. Alitaka kanga zote zining'inie kutoka darini kama mapazia ya ukumbini, mgeni apite katikati yake akisoma majina, na taa za jukwaani zimulike kutoka chini. Hapo ndipo nilipoitwa, mimi mwandishi, kutoa ushauri wa uhifadhi kwa siku chache.

Kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ni miongoni mwa vitu vinavyoumia upesi kwa mwanga. Kiwango kinachotumiwa na makumbusho mengi duniani kwa nguo na karatasi ni lux 50; lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Bi. M. alipoonyeshwa lux 50 kwa kipimo alicheka: "Watu si watadhani umeme umekatika?" Tukapiga hesabu pamoja. Lux 50 kwa saa 8 kwa siku 300 ni lux-saa 120,000 kwa mwaka. Taa alizotaka zingefikisha lux 500 kwenye kitambaa kwa urahisi, maana yake mwanga wa mwaka mzima unaliwa kwa siku 30. Ukumbi wa harusi unaweza kuwa na lux 1,000 kwa saa sita, jumla 6,000, kisha kitambaa kinarudi gunia. Mpambaji hana sababu ya kuogopa taa, kwa sababu kazi yake huisha usiku uleule.

Hesabu hiyo ilimkaa. Akatoa suluhisho ambalo mimi sikuwa nalo. Bibi harusi anapokaribia kuingia, alisema, taa za ukumbi hupunguzwa kwanza. Macho ya watu yakishazoea giza, taa ndogo tu inatosha kumfanya ang'ae. Ule ukumbi mwembamba wa kuingilia ukafunikwa kwa mapazia ya kaniki mpya, mgeni akapita hatua kadhaa kwenye kiza cha buluu, na alipofika chumbani lux 50 zikamtosha. Bajeti ya taa ikapungua badala ya kuongezeka.

Uamuzi wa kanga ndio uliobeba onyesho zima, na baadaye ndio uliobeba riziki yake. Tuligawanya. Kanga mpya zilinunuliwa dukani, doti kadhaa, zikaning'inizwa kama alivyotaka. Hizo mgeni azishike, ajifunge, asome jina kwa sauti, aone pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, vinavyokaa. Zikichakaa zinabadilishwa. Kanga za kasha zikalazwa kwenye ubao ulioinama kidogo, juu ya pamba, bila pini hata moja, nyuma ya kioo. Na hazikutolewa zote: chache kwa zamu, nyingine zikiwa zimeviringishwa kwenye mirija iliyofunikwa kitambaa safi, kwa sababu kitambaa cha zamani kikikunjwa hukatikia kwenye mkunjo.

Maelezo yalileta mvutano. Mwalimu alikuwa ameandika mengi na ya kweli: merikani ya kutoka Marekani, leso zilizoshonwa pamoja, duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887 ambalo alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado iko kwenye pindo za kanga hadi leo. Bi. M. alimwomba asome maelezo ya kabati moja kwa sauti huku yeye akitembea kwa mwendo wa mgeni. Alifika mlangoni Mwalimu akiwa bado kwenye aya ya kwanza. Walikubaliana maneno yasiyozidi sitini kwa kabati, maandishi makubwa, katikati ya ubao usimame kama sentimita 140 kutoka sakafuni ili mtoto mkubwa na mtu wa kiti cha magurudumu wasome bila kuhangaika. Yaliyobaki yakatiwa kwenye kijitabu cha waongozaji. Mwalimu hakufurahi, na sidhani kama amefurahi mpaka leo.

Kuhusu malipo, ofisi inayosimamia makumbusho ilitaka kumwandikisha kama mpambaji wa siku ya ufunguzi. Mwalimu alikataa. Kwa kuwa kanga zilipaswa kubadilishwa kila baada ya miezi minne, alidai mkataba uwe na vipengele vitatu: mchoro, ujenzi, na zamu za kubadilisha kwa miaka miwili. Bi. M. alilazimika kukata leseni ya biashara na kupata mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, mambo aliyokuwa akiyakwepa miaka yote kwa sababu kamati za harusi haziulizi risiti.

Vikuku vilivyobadilika rangi

Onyesho lilifunguliwa kwa wakati. Wiki chache baadaye mwongozaji mmoja aliona vikuku vya fedha vimepata mstari mweusi upande wa nyuma. Alitaka kuvisugua kwa dawa ya meno, na kwa bahati Mwalimu alimkuta kabla hajaanza. Kusugua kungeondoa fedha yenyewe pamoja na nakshi.

Tulifungua kabati. Vikuku vilisimama wima kwenye vishikio vya mbao, na kila kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimefichwa nyuma kwa ustadi mkubwa. Mpambaji yeyote, fundi baiskeli yeyote, muuza mkaa yeyote hufungia mpira wa tyubu; unavutika, haulegei, hauuzwi ghali. Lakini mpira huo umepikwa kwa salfa, na salfa ndiyo inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Palipogusana mpira na fedha mstari ulikuwa mweusi tii, na vikuku vya pembeni navyo vilianza kufifia, kwa sababu hewa ya ndani ya kabati haikuwa na pa kutokea.

Tukakagua na mengine. Kioo kilizibwa kwa silikoni ile inayonuka siki, harufu ambayo ni asidi inayotoka silikoni inapokauka. Sakafu ya kabati ilikuwa ya ubao wa unga wa mbao, ambao nao hutoa asidi kwa muda mrefu. Pale stooni, vilebo vya namba vilivyofungwa kwa uzi kwenye kanga vilikuwa vimekusanywa kwenye bahasha moja, kwa sababu vilionekana vichafu. Hilo la mwisho lilinitisha kuliko weusi. Fedha iliyofifia inashughulikiwa. Kanga isiyojulikana ilivaliwa na nani, lini, ni kitambaa tu. Daftari la Mwalimu na picha za siku ya kupokea viliokoa karibu zote.

Marekebisho yalitumia mafundi waliokuwepo. Makabati mapya yalitengenezwa na fundi wa madirisha ya aluminiamu, kwa silikoni isiyo na harufu ya siki, yakaachwa wazi yapumue kabla kitu hakijaingia. Vishikio vilifunikwa kwa merikani iliyochemshwa mara kadhaa mpaka wanga wa kiwandani ukatoka, na vikuku vikalazwa badala ya kufungwa.

Kuna kipimo kinachoitwa cha Oddy, ambapo vipande vya fedha, shaba na risasi hufungiwa kwenye chupa pamoja na kitu kinachochunguzwa, kwa nyuzi 60 za Selsiasi, siku 28, uone kipi kinaharibika. Hatukuwa na tanuri la kukifanya. Tulichofanya ni kuandika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuingia ndani ya kabati na kuibandika mlangoni mwa stoo ya Bi. M. Kisichokuwemo hakiingii mpaka kiulizwe.

Matokeo

Onyesho lilidumu miaka yake miwili. Makundi ya shule yaligawanywa mawili: moja likianzia kwenye kanga za kushika, jingine kwenye makabati, kisha yanabadilishana. Ndiyo foleni mbili za chakula zilezile. Kitana cha mtoto kilipewa kabati lake dogo, chini, usawa wa macho ya mwenye miaka sita.

Bi. M. alipata kazi nyingine tatu ndani ya kipindi hicho: banda la taasisi moja kwenye maonyesho ya Sabasaba, kona ya historia katika ofisi ya kampuni, na chumba kimoja cha makumbusho ya mji mwingine. Harusi hakuziacha. Ukimuuliza kazi yake, ukumbini atasema mpambaji, kwenye profoma, karatasi ya makadirio ya bei, anaandika msanifu wa maonyesho. Sehemu kubwa ya kipato chake bado inatoka harusini, na kila ilipowezekana zamu ya kubadilisha kanga ilipangwa kwa makusudi iangukie Ramadhani au Kwaresima, vijana wasikose cha kufanya.

Kusoma amesoma kwa njia yake. Machapisho ya bure ya Taasisi ya Uhifadhi ya Canada, inayotaja mambo 10 yanayoharibu vitu vya makumbusho, ameyapitia kwa msaada wa mdogo wake anayejua Kiingereza. Ameyaandika kwa Kiswahili kwenye daftari, kila moja na mfano wa kwao: wadudu ni mchwa wa ile boriti ya kusini, maji ni paa la chumba cha pili, na kupotea kwa kumbukumbu ni ile bahasha.

Uchambuzi

Wanaosimulia visa vya namna hii hupenda kusema kipaji kilimfikisha. Mimi sioni hivyo. Wachoraji na maseremala wenye mkono mzuri kuliko wake mjini pale wapo. Kilichomtofautisha ni kwamba alikuwa amelipwa miaka kumi na ushei kuangalia watu wanavyoingia mahali, wanavyokwama, wanavyochoka, na alikuwa na hofu ya kweli ya ukumbi kudorora. Hicho ndicho makumbusho yale yalikikosa. Kuhusu vitu walikuwa na Mwalimu, na Mwalimu alitosha.

Mtu anayetafuta njia ya kuingia kazi hii kutoka ufundi mwingine ajiulize amezoea kuangalia nini. Fundi wa jukwaa la taarabu, mpanga bidhaa wa duka kubwa, mwalimu wa chekechea anayebandika ukutani kila Jumatatu: hawa wana macho hayo. Programu ya kuchorea kwenye kompyuta inafundishika kwa miezi.

Kilichomponza ni kilekile kilichomfikisha. Ustadi wa harusi ni ustadi wa usiku mmoja: kificho, haraka, gundi, mpira, taa kali. Hakuna aliyemweleza kabla kwamba ndani ya kabati muda ni malighafi kama mbao. Walimpa maelezo ya vitu, historia yake na thamani yake, lakini si ya vifaa vya kukaa navyo. Hapa lawama ni ya mpangilio wa kazi: mshauri wa uhifadhi aliitwa kwa ajili ya taa na kanga tu, kwa kuwa ruzuku ilimlipia siku hizo, na vikuku vya fedha havikuwemo kwenye hadidu za rejea. Orodha ya stooni ingeandikwa wiki ya kwanza, gharama ya makabati mapya isingekuwepo.

Uamuzi wa zamu ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia, na sababu si ya kiuhifadhi peke yake. Ushauri wa kubadilisha vitambaa kila miezi kadhaa uko katika kila mwongozo, na katika makumbusho mengi haufuatwi, kwa sababu ni kazi ya ziada kwa mtu asiyelipwa ziada. Hapa kulikuwa na mtu mwenye riziki yake ndani ya zamu. Alikuwa akipiga simu yeye kukumbusha tarehe.

Suala la hali ya hewa halikutatuliwa. Unyevunyevu wa pwani hupanda kupita asilimia 75 kwa majuma, na kiyoyozi kilichofungwa kilizimwa usiku kuokoa umeme. Kupandisha na kushusha hivyo kila siku ni kubaya kuliko kuacha madirisha na kuta za chokaa zifanye kazi yake. Nilishauri kizimwe kabisa. Kikaachwa, kwa sababu wageni wa heshima hukipenda.

Upande wa pesa ndio uliomchelewesha zaidi. Harusini mchoro ni bure: unachora, kamati inachagua, bei iko kwenye vitambaa na usiku. Alipokwenda mji wa pili alipeleka michoro kamili yenye vipimo, mpangilio wa njia na orodha ya vifaa, bila kudai chochote. Taasisi ilimlipa kwa chumba kimoja, kisha ikampa fundi mwingine michoro ya vyumba viwili vilivyobaki, kwa bei ya chini. Hakuwa na karatasi yoyote ya kusimamia. Fundi yule aliujenga mchoro sawasawa, ila akatumia silikoni ya siki.

Sasa profoma yake ina mistari miwili iliyotengana, usanifu na ujenzi, na wa kwanza unalipwa nusu kabla penseli haijagusa karatasi. Taasisi mbili zimekataa masharti hayo. Moja imekubali, na kazi yake inaanza baada ya Idi.